Kadi Zilizooshwa kwenye Karai

Jumamosi, Kahama. Kiangazi. Hakuna wingu, na upepo wa vumbi unavuma kutoka upande wa Buzwagi tangu asubuhi. Hali yangu: sijatulia, na simwamini mtu, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba nimeanika vipande vya karatasi ngumu. Leo asubuhi vilikuwa kadi. Sasa rangi imetoka, maneno yametoka, na udongo umebaki Segese ulikotoka. Naandika mambo yalivyokwenda usiku huuhuu, kwa sababu nikilala nayo nitaamka nimeshaanza kujipendelea.

Nianze na kadi zenyewe. Wengi mnaosoma hapa hamjui kwamba natengeneza kadi. Wenzangu wa habari hawajui pia. Mtu aliyezeeka akiripoti mashimo ya dhahabu yaliyoporomoka, mipaka ya vijiji na kesi za mahakamani hatarajiwi kukaa jikoni na brashi akichora maua.

Maua sichori. Brashi ninayo.

Mke wangu ni muuguzi. Wodini kwake wapo watu wanaolala muda mrefu bila kutembelewa, wengi wametoka mashimoni na kwao ni mbali. Mwaka jana aliniomba nimtengenezee kadi za kuwatia moyo, za kuegesha juu ya kabati la kitanda. Nikamwambia anunue dukani. Akasema za dukani zina picha za theluji.

Kwa hiyo nakata maboksi ya sabuni, nayanyoosha chini ya godoro, kisha nabandika vipande vya magazeti ya zamani. Mengine yana habari nilizoandika mimi. Hapo ndipo zinapofaa. Juu ya magazeti napaka chai ya rangi iliyokolea mpaka karatasi igeuke kahawia. Halafu rangi za maji, zile za wanafunzi. Juu ya rangi, udongo: mwekundu wa Mwakitolyo, mweusi wa mbugani, wa kijivu wa Segese. Nauchekecha kwa kipande cha neti ya mbu, nauchanganya na uji mzito wa unga wa ngano, naupaka kwa kisu cha mkate. Ukikauka unaota nyufa ndogondogo kama za uwanja mvua ilipokawia, na nyufa hizo ndizo zinazonifanya nirudi mezani. Mwisho nazungushia uzi wa gunia au kipande cha kitenge, kisha naandika maneno kwa wino mweusi.

Maneno ndiyo yaliyotugombanisha na mke wangu. Yeye alitaka "Utapona" na "Ushindi ni wako." Mimi siandiki nisichoweza kukithibitisha. Sijui nani atapona. Kadi zangu zinasema "Leo umeamka." Zinasema "Chai ipo." Zinasema "Kuna mtu ameuliza habari zako," na hiyo naithibitisha kwa kwenda mwenyewe wodini kuuliza habari za mgonjwa kabla sijamwachia kadi.

Mke wangu alisema kadi zangu zinafanana na taarifa ya polisi. Lakini wagonjwa walizipenda, au walisema wanazipenda. Hilo sijalithibitisha.

Nyuma ya kila kadi naandika udongo ulikotoka. Ni tabia ya kazi. Picha isiyo na maelezo ya mahali mhariri wangu hakuipokea hata siku moja. Mfano ni huu: "Na. 14. Marudio. Mwalo, nje ya Segese. Kijivu, punje ndogo, hung'aa juani."

Niliona ni unadhifu tu.

Kwa msomaji wa mbali: mwalo ni mahali mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa yanapooshwa. Yanamwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Dhahabu ni nzito, inanasa kwenye magunia. Mchanga unaoteremka hadi chini unaitwa marudio. Mchimbaji anaondoka na kilichonasa, na marudio yanabaki kwa mwenye mwalo kama malipo yake. Kila mtu anaujua utaratibu huo, na sijawahi kuona mahali ulipoandikwa.

Marudio yangu yaliletwa na Mama Kulwa. Anaimba kwaya moja na mke wangu na ananiita shemeji. Ni mwoshaji kwenye mwalo huo wa nje ya Segese. Baba wa pacha wake, Kulwa na Doto, alikwenda Geita kutafuta maisha na bado anayatafuta, kwa hiyo kazi ya mwalo ndiyo kodi ya chumba, ndiyo sare za pacha, ndiyo sufuria ya jioni. Mke wangu aliuliza kwanza habari ya zebaki kabla ya kuruhusu mchanga huo uingie wodini. Tuliambiwa pale zebaki hutiwa baadaye, kwenye kilichonasa, na haigusi lundo la marudio. Hata hivyo alinilazimisha kadi hizo nizivalishe nailoni.

Jambo moja nililiona siku hiyo na sikulisema. Mama Kulwa alilitoa kopo la mchanga chini ya kanga, harakaharaka, akitazama mlangoni. Nikalipokea. Nikaliweka akilini pia.

Alhamisi akanipigia simu.

"Shemeji, kadi yako imenipa kesi."

Nilikuwa nimempa kadi moja kama asante, akaitundika kwenye banda la mwalo. Maganga akaitundua. Maganga ni kiongozi wa kundi la wachimbaji wanaoleta mawe yao pale kuoshwa. Akaigeuza, akasoma nyuma, na kwake ile haikuwa kadi tena. Namba, mahali, rangi, ukubwa wa punje: hivyo ndivyo wataalamu wa makampuni wanavyoandika kwenye mifuko ya sampuli. Huku kwetu sampuli ikichukuliwa kimyakimya, kinachofuata huwa ni uzio, na nyuma ya uzio kuna mlinzi anayekuuliza unatafuta nini mahali ulipochimba jana.

Siwezi kumlaumu. Ningekuwa yeye ningesoma vilevile.

Maganga alimwambia mwenye mwalo achague: huyu mama aondoke, au wao wahamishe mawe yao. Mwenye mwalo hakuchukua muda kuchagua. Mama Kulwa akarudishwa nyumbani, mpaka mtu wa sampuli aende mwenyewe na udongo wote aliochukua.

"Mwambie mtu wa sampuli nitakuja Jumamosi," nilisema.

"Shemeji, usinichekeshe. Hawa watu hawatanii."

Sikuwa nikitaniana naye. Nilikuwa nimeshaanza kazi. Kwenye habari ya namna hii huwa najiuliza nani anafaidika. Maganga anafaidika nini kwa kumfukuza mwoshaji? Kidogo sana. Mwenye mwalo je? Kwa nini alikubali upesi hivyo kumpoteza mwoshaji wake wa miaka, bila hata kumwita mtu wa sampuli amsikilize kwanza? Jina lake siliandiki hapa. Nimempigia jioni hii anipe upande wake, hakupokea.

Na Mama Kulwa mwenyewe, kwa nini alificha kopo?

Nililala na maswali yote matatu, na sikuona ubaya kuyaweka mstari mmoja.

Ijumaa nilikwenda wodini kukusanya kadi za kijivu. Sipendekezi kazi hiyo kwa mtu yeyote. Unamwendea mgonjwa uliyempa kitu cha kumtia moyo na kumwambia unakihitaji. Mama mmoja alinipa bila neno na kugeukia ukutani. Mzee mmoja wa Bukombe, aliyevunjika mguu, aliishikilia yake kwa mikono miwili. Ilisema "Chai ipo."

"Chai yenyewe jana haikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimebaki na kadi. Sasa na kadi unachukua?"

"Nitakuletea nyingine, mzee."

"Itasema nini? 'Kadi ipo'?"

Wodi nzima ikacheka. Mke wangu alikuwa mlangoni na trei ya dawa, na yeye hakucheka. Nilimnunulia mzee chupa ya chai kwenye kibanda cha nje ndipo akaachia kadi, nayo aliigeuza kwanza akasoma nyuma.

"Segese," alisema. "Kumbe nilikuwa nalala na mchanga wa Segese. Ningejua ningeuosha."

Nilidhani anatania. Leo sina hakika.

Asubuhi ya leo niliwasha pikipiki mapema, kadi kwenye mkoba, kopo la mchanga uliobaki nimelifunga kwa mpira wa tairi. Barabara ya Segese ni ileile. Malori ya mawe yanakupita huku yakikuachia vumbi la kula mpaka jioni. Mwalo unausikia kabla hujauona, kwa sababu ya makarasha yanayosaga mawe pembeni. Mtu wa pale akiongea nawe anapayuka hata makarasha yakizimwa. Ni mazoea ya koo.

Leo yalizimwa nilipofika. Hilo halikunifurahisha.

Mama Kulwa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na pipa la maji, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri daktari. Wachimbaji walisimama kivulini. Mwenye mwalo alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu. Maganga akaja mbele. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mabega ya mtu aliyebeba mawe tangu utotoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nani amekutuma?"

"Mke wangu."

Watu wakacheka. Maganga hakucheka.

"Mke wako yuko kampuni gani?"

"Ni muuguzi."

"Wauguzi siku hizi wanapima mawe?"

Nikampa mkoba. Akatoa kadi moja moja, akazisoma kwa sauti kwa ajili ya wenzake, kidole kikifuata herufi. Nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno yangu yakisomwa na mtu asiye mgonjwa.

"'Kuna mtu ameuliza habari zako.'" Akaniangalia. "Huyo mtu ni nani?"

"Ni mimi."

"Habari zangu unaziulizia nini?"

"Si zako. Ni za mgonjwa."

"Mimi siumwi."

"Bado!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya.

"'Leo umeamka.'" Maganga aliigeuza, akarudi mbele. "Na kesho?"

"Kesho sijui. Ndiyo maana nimeandika leo."

"Mnasikia? Kesho hajui! Hii ni barua ya majambazi, hii."

"Maganga," Mama Kulwa alisema kutoka kwenye ndoo yake, "wewe hata ukiandikiwa 'Mungu akubariki' utauliza amekubariki kwa kilo ngapi."

Hapo hata Maganga alishindwa, akauma mdomo. Nilidhani jambo limekwisha. Nimeshakaa kwenye mikutano mingi ya hadhara na naijua dakika ambayo watu wanataka kwenda nyumbani.

Lakini mchimbaji haachi mchanga upite bila kujua una nini. Maganga alisema, kama mtu anayefikiri kwa sauti, "Kama hii ni sampuli, na sisi tuone majibu yake."

Kadi zilivuliwa nailoni, zikalowekwa kwenye beseni. Uji wa ngano uliachia upesi kuliko nilivyotarajia. Magazeti yakavimba, chai ikatoka, wino ukaogelea. Vijana wawili wakakwangua udongo kwa kijiko, wakaumimina kwenye karai pamoja na mchanga wa kopo. Maganga akachuchumaa pembeni ya dimbwi, akaanza kuzungusha karai. Maji yanaingia, yanatoka, mchanga mwepesi unakwenda nayo. Kazi ambayo mimi hunichukua jioni kadhaa ilikwisha kabla sijamaliza kufuta vumbi usoni.

Akasimamisha mkono.

Ukingoni mwa karai, mahali mchanga mweusi ulipoishia, palikuwa na mstari wa njano. Mwembamba kama uzi wa kushonea. Lakini hapakuwa na mtu pale aliyehitaji kuambiwa ni nini.

Hakuna aliyecheka.

Mwenye mwalo alikuwa wa kwanza kusema, na alisema bila kusimama. "Si mmeona? Hayo si marudio. Marudio hayana kitu. Huyo mama alichota mawe yenu yaliyosagwa kabla hayajaoshwa, akayapeleka mjini kwa huyo mwandishi. Mwizi wenu huyo hapo. Mlipotaka aondoke nilimtoa, sikubishana."

Wote wakamgeukia Mama Kulwa. Na mimi.

Naandika kwa usahihi kilichotokea kichwani mwangu, kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi. Niliona uwezekano wa namna mbili. Ama mchanga ulitoka kwenye lundo, na kwa hiyo lundo lina dhahabu ya watu. Ama haukutoka kwenye lundo, na kwa hiyo mwenye mwalo anasema kweli. Sikuwepo ulipochotwa. Nilichokiona kwa macho yangu ni kopo likitolewa chini ya kanga, harakaharaka.

Nikauliza.

"Mama Kulwa, ulichota wapi?"

"Kwenye lundo, shemeji."

"Lundo upande gani? Na nani alikuona?"

Sauti ilikuwa ile ninayoitumia kwenye ngazi za mahakama. Niliisikia inatoka na sikuirudisha.

Alinitazama kwa muda, hana hasira, kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha na ndugu yako sokoni halafu akageuka. Kisha akainuka, akachukua karai tupu, akaanza kutembea kuelekea lundo la marudio.

"Lundo langu haliguswi!" Mwenye mwalo alisimama kwa kasi hata kiti kikaanguka nyuma yake. "Hilo ni malipo yangu. Mkono wa mtu usiliguse!"

Mama Kulwa hakusimama. Ilikuwa zamu ya Maganga kuuliza, na aliuliza vizuri kuliko mimi.

"Bosi, umesema halina kitu. Unaogopa tuchote nini?"

Walichota chini, wakachota katikati, wakachota juu. Kila karai lilitoa mstari uleule, mahali pengine mnene zaidi ya ule wa kadi zangu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Wakaenda kwenye ubao wa kuoshea, wakainua magunia. Yalikuwa yamekwisha manyoya, laini kama meza ya baa. Chini ya kichwa cha ubao palikuwa na jiwe la ziada lililouinua, mteremko ukawa mkali, maji yakawa yanakimbia na kila kitu.

Kila walichochimba kwa miezi kadhaa kilikuwa kinapita juu ya gunia na kuteremka kwenye lundo. Na lundo lina mwenyewe.

"Magunia huchakaa," mwenye mwalo alisema. "Ni uchakavu tu. Na hilo jiwe sijui nani aliliweka."

Inawezekana. Naliandika kama alivyolisema. Naandika pia kwamba pembeni ya jiwe hilo nyasi zilikuwa zimeota zikalizunguka.

Maganga akamgeukia Mama Kulwa. "Wewe ndiye mwoshaji. Hukuona magunia yamekwisha?"

"Nilimwambia ayabadilishe. Zaidi ya mara moja. Akaniambia nioshe nisiongee."

Basi lile swali langu la Alhamisi, kwa nini alikubali upesi hivyo kumpoteza, likapata jibu linaloelekea kuwa jibu. Na kopo chini ya kanga nalo. Alilificha kwa sababu bosi wake hakutaka mtu aguse lundo hata kwa ukucha. Alithubutu kwa sababu mume wa mwenzake wa kwaya alimwomba udongo wa kuchorea kadi za wagonjwa.

Hayo yote ningeyajua Alhamisi kama ningemuuliza nikiwa shemeji.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Hakupigwa mtu, nilikaa karibu kuhakikisha hilo na nadhani uwepo wa mwandishi, kwa mara ya kwanza leo, ulifaa kitu. Walikubaliana kwenda kwa viongozi wa kijiji Jumatatu kuhusu lundo. Mawe yao ambayo yalikuwa hayajaoshwa wakayapakia kwenye tela la trekta kupeleka mwalo mwingine. Nilimwona Mama Kulwa amesimama katikati ya uwanja na karai lake. Kesi imekwisha, ukweli umejulikana, na bado hana kazi. Mwenye mwalo asingemrudisha tena hata kwa dawa.

Maganga, aliyekuwa ameshapanda, alipiga bodi ya tela kwa kiganja, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, panda. Utatuoshea huko. Tunataka mtu wa kutuambia magunia yakichakaa."

Hakusogea.

"Niombe msamaha kwanza."

"Aa, mayu, muda—"

"Ulinisema mbele za watu. Niombe mbele za watu."

Kijana yule mwenye mabega alishuka. Akavua kofia. Wenzake walishaanza kuguna na kupiga miluzi.

"Nisamehe, mayu."

"Makarasha yamezimwa, Maganga, lakini sijasikia."

"Nisamehe!"

Vigelegele vya dhihaka vikapigwa na wanaume wazima, na Maganga akacheka mwenyewe, akainama mpaka kofia ikagusa vumbi. Mama Kulwa akamshika bega. Wakamalizana hapohapo, kwa sekunde chache, mambo ambayo watu wa mjini wangeyabeba miaka.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, shemeji?"

Nilikuwa na kadi zilizolowa mkononi. Nilikuwa na muda. Hakuna aliyenisukuma.

"Niliuliza tu," nilisema.

Akatikisa kichwa polepole, kama karani anayepokea fomu iliyojazwa vibaya lakini hataki kubishana. Akapanda tela. Trekta likaondoka naye, amekaa juu ya magunia ya mawe, karai magotini. Kazi anayo, na leo usiku hilo ndilo jambo pekee lililo sawa.

Niliuliza tu.

Nimelizungusha neno hilo njia nzima ya kurudi. Swali lenyewe lilikuwa sahihi. Ningemuuliza mtu yeyote, na hapo ndipo tatizo lilipo: nilimuuliza kama mtu yeyote. Mwenye mwalo nilimshuku kwa sababu aliharakisha. Maganga nilimshuku kwa sababu alipayuka. Mama Kulwa nilimshuku kwa sababu alinifanyia hisani kwa kujificha, na hisani hiyo nikaifanya ushahidi.

Mke wangu alisikiliza yote amesimama. Mwisho akauliza kitu kimoja. "Hukumwomba?" Nikaanza kueleza. Akaenda kupiga pasi sare yake.

Jioni nilijaribu kutengeneza kadi. Kipande kimoja kilikuwa kimekauka. Nikapaka chai, nikapaka udongo mwekundu, nikakaa na wino. Neno la kweli ninaloweza kulithibitisha lilikuwa moja tu, "Nilikushuku," na hilo si la kumpelekea mtu akatundike ukutani. Nikaandika "Samahani." Nikalitazama. Nikajiuliza linatoka kwa nani: kwa mtu anayejuta, au kwa mtu anayetaka mke wake aache kupiga pasi kwa kishindo? Nikahisi pia kwamba kadi ni njia nzuri sana ya kutokwenda. Nimeichana.

Halafu nikapiga simu. Akapokea Doto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Doto. Mama yupo?"

"Yupo." Mnong'ono, kifuniko cha sufuria, mnong'ono tena. "Anasema amelala."

"Mwambie alale salama."

Mnong'ono. "Anasema asante."

Angalau ameniambia uongo yeye mwenyewe, kwa mdomo wa mwanawe, na akauacha uonekane kuwa ni uongo. Nimeshapokea majibu mabaya zaidi ya hilo kutoka kwa watu walionipenda zaidi. Au najifariji. Usiku huu kila kitu kinachonipa nafuu nakitilia shaka.

Kesho kwaya inaanza mazoezi kabla ya ibada ya kwanza, na wanawake wanakaa nje kwenye mabenchi wakisubiri ufunguo. Atakuwepo, na wenzake watakuwepo, mke wangu akiwa mmoja wao. Nitakwenda mikono mitupu. Nitamwomba msamaha mbele yao, kwa sauti ya kusikika, kisha nitasimama pale nisubiri lolote atakalosema, na sitamuuliza kitu.